Nyumba ya Johnson wa Kamusi, Gough Square, London: Panda Ngazi Zote

Natoa hukumu kwanza, ushahidi utafuata. Kama ulisomeshwa Kiingereza, ukakifundisha, au ulichapwa viboko kwa ajili yake, basi nyumba namba 17 ya Gough Square inastahili nauli yako kuliko kasri lolote la London. Wageni wengi wanakimbilia kupiga picha na askari wa kofia za manyoya. Mimi pia nilipigwa hizo picha, zipo kwenye simu ya binti yangu, na sina hamu ya kuzitazama tena.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa sekondari, mtu wa Tanga. Binti yangu anaishi Leyton, na kutoka kwao ni treni moja tu, ile ya mstari mwekundu, mpaka Chancery Lane. Hapo unateremka kwa miguu kuelekea Fleet Street, mtaa uliokuwa wa magazeti kabla magazeti hayajahama, kisha unaingia vichochoro vyembamba kama vya Mji Mkongwe, ila huku hakuna anayekukaribisha kahawa. Ghafla unatokea kwenye uwanja mdogo wenye utulivu, na nyumba ya matofali imesimama mbele yako. Ilijengwa karibu na mwaka 1700. Mwandishi Samuel Johnson aliipanga kuanzia 1748 hadi 1759, na humo ndimo alimoandikia kamusi yake ya Kiingereza.

Usipite mlangoni haraka. Geuka ukishaingia, uutazame kwa ndani. Kuna mnyororo mzito wa chuma, na ndoano yake imesokotwa kama kizibuo cha chupa, ili mwizi asiweze kuunyofoa kwa fimbo kutoka nje. Juu ya mlango, penye kioo cha kuingiza mwanga, kuna nondo yenye miiba. Kazi yake ilikuwa kuzuia wezi wasipenyeze mtoto mdogo ndani akawafungulie. Mjukuu wangu alisimama chini ya ile nondo akajipima kwa macho kama angepita. Hakuna kibao kingeweza kumweleza vizuri zaidi jinsi London ya karne ya 18 ilivyokuwa. Na mwenye nyumba mwenyewe hakuwaogopa wezi peke yao, aliwaogopa na wadai. Mwaka 1756, kamusi ikiwa imeshatoka na jina lake limeshavuma, alikamatwa kwa deni la pauni tano na ushei, ikabidi mwandishi mwenzake Samuel Richardson amkopeshe.

Hili la umaskini ndilo lililonifanya nimpende. Johnson alizaliwa Lichfield mwaka 1709, mtoto wa muuza vitabu. Macho yake yalikuwa mabovu tangu utotoni. Oxford aliingia, lakini ada ikamshinda, akatoka bila shahada. Akafungua shule yake, nayo ikakosa wanafunzi. Mmoja wa wachache waliokuja, David Garrick, alikuja kuwa mwigizaji mashuhuri kuliko wote wa zama zake. Mwaka 1737 mwalimu na mwanafunzi wakaondoka pamoja kwenda kutafuta riziki London. Walimu wenzangu mliowahi kuendesha shule binafsi mnaelewa.

Mwaka 1746 wauza vitabu wa London walichanga wakampa mkataba wa gini 1,500 (gini moja ni pauni moja na shilingi moja) aandike kamusi. Fedha hizo ndizo zilizotakiwa kuwalipa na wasaidizi wake. Ufaransa kazi ya namna hiyo ilikuwa imefanywa na chuo kizima cha wanazuoni 40, na iliwachukua miongo. Johnson akasema yeye ataimaliza kwa miaka mitatu. Kamusi ilitoka tarehe 15 Aprili 1755. Hesabu mwenyewe.

Sasa twende darini, maana vyumba vya katikati ni vya kupita tu: mbao za ukutani, picha za marafiki zake, samani chache. Wapo watakaolalamika kwamba nyumba ni tupu. Mimi nasema afadhali utupu kuliko kujaza viti ambavyo hakuvikalia. Kitu kimoja cha kuchekesha utakachokuta ni tofali la Ukuta Mkuu wa China, ukuta ambao Johnson alitamani kuuona na hakuuona.

Ngazi ni za mbao, za zamani, na lifti haipo. Magoti yangu yana miaka yake, nikawa napanda hatua moja napumzika, binti yangu nyuma ananiambia, "Mama, taratibu." Huko juu ni chumba kirefu chini ya paa, madirisha pande zote mbili, mwanga mwingi. Paa lenyewe liliumizwa na mabomu ya Wajerumani katika Vita vya Pili, wakati nyumba hii ilipokuwa mahali pa kupumzikia askari wa zimamoto, kwa hiyo usidhani kila ubao unaoukanyaga ni wa enzi za Johnson. Lakini chumba ni kile kile, na ukijua kilichofanyika humo hutataka kutoka upesi.

Kazi ilikwenda hivi. Johnson alikuwa anasoma vitabu, na si vyake peke yake, hata vya kuazima. Akikutana na sentensi inayoonyesha vizuri matumizi ya neno, analipigia neno mstari kwa penseli, na pembeni mwa ukurasa anaandika herufi yake ya kwanza. Kitabu kinakabidhiwa kwa makarani. Karani ananakili sentensi nzima kwenye kipande cha karatasi, anafuta herufi pale pembeni, anakwenda kwa inayofuata. Vipande vinapangwa kwa alfabeti, na Johnson anakuja kuandika maana, akizipanga kwa namba pale neno linapokuwa na maana nyingi. Mwanzoni walikuwa wakiandika kwenye madaftari, nafasi ikawaishia, kazi ikaanza upya. Wenye vitabu walirudishiwa vitabu vimechafuliwa, na sijui kama kuna aliyethubutu kumdai fidia mtu wa umbo kubwa kama lile. Mwishowe yakapatikana maneno 42,773 na mifano kama 114,000 kutoka kwa waandishi wa Kiingereza, juzuu mbili kubwa, bei pauni nne na shilingi kumi. Mtumishi wa nyumbani wa wakati ule hakuwa na ndoto ya kuinunua.

Makarani hao walikuwa sita, na watano kati yao walikuwa Waskoti. Na ni katika kamusi hiyo hiyo ndimo Johnson alimoandika kwamba oti ni nafaka ambayo Uingereza hupewa farasi, lakini Uskoti ndiyo inayowalisha watu. Yaani karani Mskoti ameketi hapo darini, tumbo halijashiba, anaandikiwa hilo. Nilipomsimulia mjukuu wangu alicheka, kisha akauliza kama na wao walimjibu. Swali zuri. Ningependa historia zetu za lugha ziwe na nafasi zaidi kwa watu wa aina hii, waliolipwa kwa wiki na majina yao hayakupigwa chapa ya dhahabu mgongoni mwa kitabu.

Sisi walimu wa Kiswahili na Kiingereza wa Afrika Mashariki ukitaja kamusi ya Johnson tunamkumbuka mwingine kabisa: Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa ile Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 na serikali za kikoloni za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kamusi yake ya Kiswahili na Kiingereza ilitoka 1939, yeye akiwa ameshafariki, na ilijengwa juu ya kazi ya Madan, mtunzi wa kamusi aliyemtangulia. Nimeitumia mpaka jalada likang'oka. Huyu alikuwa mtu wa serikali, ana kamati na ana kazi ya kusanifisha. Yule wa Gough Square hakuwa na kamati. Alipoanza alidhani atakifunga Kiingereza kisitikisike, na alipomaliza akakiri kwenye utangulizi wake kwamba kuzitia silabi minyororo ni sawa na kuupiga upepo mijeledi. Wanaogombana kila siku mitandaoni kwamba vijana wanaharibu lugha wausome utangulizi ule. Nakala ya kamusi ipo darini ya kufunua kwa mkono, na nililiona hilo ni jambo la heshima. Kwingi unaonyeshwa kitabu ndani ya kioo kimefunguliwa ukurasa mmoja, basi.

Kuna habari nyingine ya nyumba hii ambayo sikuitegemea. Mke wa Johnson, Elizabeth, alifariki mwaka 1752. Kama wiki mbili baadaye aliletwa kijana Mwafrika wa miaka kama kumi, Francis Barber, aliyezaliwa utumwani Jamaika na kupelekwa Uingereza na mwenye shamba, Richard Bathurst. Akawa mtumishi wa Johnson, lakini Johnson alimpeleka pia shule, tena ya kulipia. Kijana aliwahi kutoroka akajiunga na jeshi la majini, na mzee akahangaika mpaka akamtoa. Johnson aliuchukia utumwa waziwazi: mbele ya wakubwa wa Oxford aliwahi kuinua glasi kuutakia heri uasi ujao wa watumwa wa visiwa vya Karibi. Alipofariki mwaka 1784 sehemu kubwa ya mali yake ilikwenda kwa Barber, na wapo marafiki wa marehemu walionuna. Barber alihamia Lichfield na mkewe Mwingereza, na baadaye akafungua shule ndogo karibu na hapo.

"Bibi, alikuwa analipwa?" mjukuu wangu aliniuliza. Nikamwambia alikuwa mtumishi, na kwamba aliachiwa urithi. Hakuridhika, na mimi sikumlazimisha.

Nje uwanjani kuna sanamu ya paka. Ni Hodge, paka wa Johnson, amekaa juu ya kamusi na maganda ya chaza miguuni. Chaza wakati huo walikuwa chakula cha bei rahisi, na Johnson alikwenda kumnunulia mwenyewe, asije mtumishi akamchukia paka kwa kutumwatumwa. Watoto wataipenda sanamu kuliko nyumba, wapeni nafasi.

Thamani ya fedha: kiingilio hakifiki hata nusu ya kile cha Mnara wa London, na hukai foleni ya kuchosha. Siku iliyotangulia nilikuwa nimelipia matembezi ya kuongozwa ya kampuni moja, siitaji, ambako kijana mmoja mwenye mwavuli alitukimbiza barabarani huku akitupa majina ya wafalme nyuma ya bega lake. Henry wa ngapi sikusikia. Hapa unatembea kwa mwendo wako, unasoma, unakaa, unapanda tena.

Asiyejali vitabu asiende, ataona vyumba vya mbao na wazee wa nywele za bandia. Mwenye kutumia kiti cha magurudumu naye ajue mapema kuhusu zile ngazi. Angalieni siku na saa za kufungua kabla hamjatoka nyumbani, tengeni saa mbili, na msisahau miwani ya kusomea, maana herufi za kamusi ile ni ndogo. Na wenye magoti kama yangu: pandeni moja kwa moja mpaka darini mkiwa bado mna nguvu, vile vyumba vingine mtavitazama mkiteremka.