Sarajevo kwa siku nne: mji wenye saa kama ya nyumbani

Nilipowaambia watu tunakwenda Sarajevo, shoga yangu wa hapa Köln, Ujerumani, aliuliza, "Huko si kuna vita?" Mama yangu, ambaye yuko Tanga, akauliza kama ndiyo Uturuki. Vita viliisha mwaka 1995, shoga. Na Uturuki siyo, mama, ingawa Waturuki wa Uthmaniya waliukalia mji ule zaidi ya miaka 400 na alama zao zimejaa kila kichochoro. Ni mji mkuu wa Bosnia na Herzegovina, umelala bondeni kando ya mto Miljacka, milima imeuzunguka kama kingo za bakuli.

Tulikuwa tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Baba Salma alitaka Paris. Tukaangalia bei za hoteli za Paris, kisha tukaangaliana. Nikamwambia kuna mji ambao adhana utaisikia ukiwa kitandani, nyama utakula bila kuuliza imechinjwaje, na pesa ya usiku mmoja wa Paris itatulaza siku tatu. Akasema, "Kata tiketi kabla hujabadili mawazo." Salma tukamwacha kwa shangazi yake, tukaondoka katikati ya Novemba, watalii wengi wakiwa wamesharudi makwao. Mpakani tulipita kwa pasi zetu za Tanzania na vibali vya ukaazi vya Ujerumani, hatukuombwa viza. Wewe lakini uliza ubalozini kwanza, maana mambo ya viza hubadilika na kila mtu ana karatasi zake.

Nianze na karaha, nizimalize. Dereva wa teksi aliyetuchukua uwanja wa ndege hakuwasha mita, na tulipofika akadai euro 40 kwa mwendo usiofika kilomita 15. Tulibishana, akachukua 30, na bado tulipunjwa. Chumba tulichokodi kilikuwa kizuri kama kwenye picha, ila picha hazikuonyesha kilima. Kutoka mtoni hadi mlangoni ni mpando wa mawe unaoteleza ukinyesha, na mvua ilinyesha. Usiku wa pili kipasha joto kikazima. Mwenye nyumba alijibu ujumbe kwa alama ya kidole gumba, na fundi hatukumwona. Tulilala na makoti. Jambo jingine, ambalo si kosa la mtu mmoja, ni moshi. Majira ya baridi moshi wa kuni na makaa ya mawe unajazana kwenye lile bakuli na hauna pa kutokea. Asubuhi koo linawasha. Mwenye pumu ningemshauri aende Mei.

Pesa yao ni maki ya Bosnia, imefungwa kwenye euro kwa kiwango kisichobadilika, kama maki mbili kasoro kidogo kwa euro moja. Kwa hiyo hesabu ni rahisi: bei yoyote unagawa kwa mbili. Beba noti, kwa sababu vibanda vingi vya mji mkongwe havitaki kadi.

Mji mkongwe unaitwa Baščaršija. Katikati kuna Sebilj, kibanda cha mbao cha maji ya sabili, njiwa wamejaa miguuni pake. Wenyeji husema ukinywa maji ya pale utarudi tu. Baba Salma alikunywa mara tatu. Kichochoro cha wafua shaba kinaitwa Kazandžiluk, na nyundo utazisikia kabla hujakiona. Lakini fungua macho: vyombo vingi vya bei chee vimetoka kiwandani. Ingia kwenye duka ambalo mtu amekaa anagonga kweli, ugeuze chombo, utazame kitako chake. Wanauza pia kalamu na vinyago vilivyotengenezwa kwa maganda ya risasi na mizinga. Wengine wanavipenda. Mimi sikutaka hata kuvishika.

Tulinunua chombo cha kuchemshia kahawa, wao wanakiita džezva, pamoja na vikombe vyake. Muuzaji aliponitajia jina la kikombe nilimwomba arudie. Fildžan. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na kabati la finjani ambazo hatukuruhusiwa kuzigusa. Kuanzia hapo ikawa mchezo wetu, kila neno tukalipima. Duka kwao ni dućan. Sabuni ni sapun, sanduku ni sanduk. Siku ya tatu tuliagiza supu iitwayo begova čorba, supu ya kuku nzito, ndani mkaelea vitu vidogo vya kijani. Nikauliza ni nini. "Bamija," akasema mhudumu, akaanza kunieleza ni mboga gani. Nikamwambia usijisumbue, kaka, bamia nimekua nazo.

Kahawa huletwa kwenye sinia la shaba: džezva yake, finjani tupu, kipande cha sukari na kipande cha rahat lokum, ambayo ni binamu wa halua ila nyepesi. Huchanganyi sukari. Unachovya kipande kidogo, unakiuma, unakiacha ulimini, ndipo unapiga funda. Tulilipa kama maki nne kwa mtu. Na hakuna anayekufukuza. Köln ukimaliza kikombe mhudumu anakuja na bili usoni. Pale wazee wawili walikaa na sinia moja tangu tulipofika mpaka tulipoondoka, kama barazani.

Jioni ya kwanza tulikuwa tumekaa hivyo, karibu na msikiti wa Gazi Husrev-beg, uliojengwa karne ya 16, miaka ya 1530. Jirani yake kuna mnara wa saa, mrefu, wa mawe. Baba Salma akautazama mnara, akatazama simu yake, akasema, "Saa yao imekufa." Simu ilisema 16:20. Mnarani mishale yote miwili ilikuwa inakaribia kukutana juu, kwenye kumi na mbili. Kabla sijamjibu, mwadhini akaanza. Akadakwa na wa msikiti wa pili, na wa tatu kule kilimani, mpaka bonde zima likawa sauti.

Tukabaki tunatazamana. Magharibi, saa kumi na mbili.

Mzee wa meza ya pili, aliyeishi Ujerumani miaka ya vita, alituelezea kwa Kijerumani chake. Saa ile inafuata hesabu ya zamani: jua likizama ni saa kumi na mbili kamili, na siku mpya inaanza hapo. Kwa kuwa huku jua halizami wakati mmoja mwaka mzima, yupo mtu wa kazi hiyo, anaitwa muvekit, ambaye kila baada ya siku chache hupanda mnarani kuisogeza mishale. Mtambo wenyewe ulitoka London karne ya 19, ila unahesabu kwa mtindo wa kwao. Nikamwambia mzee sisi tunahesabu hivyo hivyo, nchi nzima, na hatuhitaji mtu wa kupanda mnarani kwa sababu jua letu halihamihami. Alicheka, akadhani namtania.

Labda mtu anayeishi nyumbani hataona ajabu yake. Lakini Salma ana miaka saba, anajifunza saa shuleni, na kila Jumapili anagombana na bibi yake kwenye simu. Bibi akisema saa moja, yeye anasema saba. Tumejaribu kumweleza kwamba tunahesabu tangu jua linapochomoza na tangu linapozama, halafu anatazama dirishani Juni, magharibi inaingia karibu saa nne usiku, anatuona waongo. Hapo Sarajevo nikaona kumbe zipo njia mbili. Ama uishi mahali ambapo jua linaifuata saa, ama umlipe mtu aivute saa ilifuate jua.

Chakula sitakisema sana, nitaona njaa. Ćevapi ni vipande vya nyama ya kusaga, vinene kama kidole, vinachomwa mkaani na kuingizwa ndani ya mkate unaoitwa somun pamoja na kitunguu kibichi. Vitano vinatosha mtu wa kawaida, Baba Salma aliagiza kumi. Burek ni ya nyama tu. Ukisema "burek ya jibini" watakurekebisha, maana ya jibini ina jina lake, sirnica, na ya mchicha ni zeljanica. Tafuta mahali wanapookea chini ya sač, kifuniko cha chuma kinachopaliwa makaa juu. Ukishakula mkate wa kupaliwa moto juu na chini hutahitaji maelezo yangu kuhusu tofauti yake na wa oveni.

Siku ya pili tulikwenda kwenye Daraja la Kilatini. Ni daraja dogo la mawe, unalivuka kwa dakika moja, na kama huna habari zake utalipita. Kwenye kona yake, tarehe 28 Juni 1914, Gavrilo Princip alimpiga risasi Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria na Hungaria, pamoja na mkewe Sophie. Zilikuwa zimebaki siku tatu watimize miaka 14 ya ndoa. Mwongozaji alituambia kwamba Vienna Sophie hakuruhusiwa kukaa kando ya mumewe kwenye shughuli nyingi za kifalme, kwa kuwa ukoo wake ulihesabiwa mdogo. Safari kama ile ndiyo ilimpa nafasi ya kupanda naye gari moja. Nilimshika Baba Salma mkono, ubaridi ukiwa kisingizio.

Wote wawili walikufa, na mauaji yale ndiyo yaliyowasha Vita vya Kwanza vya Dunia. Halafu mwongozaji akaanza kutaja nchi zilizoingia vitani: Austria, Serbia, Urusi, Ujerumani, Ufaransa, Uingereza. Nikasubiri, hakufika kwetu. Mimi ni mtu wa Tanga. Mwezi Novemba mwaka ule ule, miezi mitano haijapita, Waingereza walishusha Tanga askari waliowatoa India, wakapigana na jeshi la Kijerumani la von Lettow-Vorbeck, wakashindwa, na nyuki wakawamalizia. Babu zetu waliivuka nchi nzima na mizigo kichwani kwa ajili ya vita visivyowahusu, wakafa kwa makumi ya maelfu, njaa na maradhi vikiua kuliko risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam ina jina hilo kwa sababu ya kikosi cha wapagazi, kwa Kiingereza Carrier Corps. Nilimweleza mwongozaji pale pale darajani. Kijana mstaarabu, alitoa daftari akaandika. Sijui kama analisema sasa, ila ukienda kasikilize.

Vita vya juzi havifichiki. Mji ulizingirwa tangu Aprili 1992 hadi Februari 1996, ingawa mkataba wa kumaliza vita ulishatiwa saini mwishoni mwa 1995; ni siku 1,425, na waliokufa wanapita 11,000. Njiani utaona mahali bomu lilipochimba lami, shimo limejazwa rangi nyekundu. Wanaziita waridi za Sarajevo. Vijećnica, jengo zuri lililokuwa maktaba ya taifa, liliungua na vitabu vyake Agosti 1992 na likafunguliwa tena 2014. Lakini kilichonikaa ni handaki. Liko nje ya mji, lilichimbwa 1993 chini ya njia ya ndege, urefu kama mita 800, ili chakula, dawa na silaha viingie na majeruhi watoke. Kipande unachoruhusiwa kupita ni kifupi, hatua chache tu. Baba Salma ni mrefu, alipita ameinama kama aliyerukuu, na alipotoka alikaa kwenye benchi bila kusema kitu mpaka nilipomwambia basi linakuja. Msipange jambo jingine siku hiyo. Sisi tulipanga chakula cha sherehe yetu usiku ule, na tulikula kimya.

Siku ya nne jua lilitoka, tukapanda Trebević kwa magari ya waya, yaliyofunguliwa upya 2018 baada ya yale ya zamani kuharibiwa vitani. Mgeni hulipa zaidi ya mwenyeji, nami sioni ubaya. Juu kuna njia ya zege ya mbio za sleji za barafuni (bobsleigh) za Olimpiki ya baridi ya 1984, imejaa michoro ya rangi, unatembea ndani yake kama mfereji mkavu. Kule juu hewa ni safi, na chini moshi umelala juu ya mji kama maziwa.

Tulitakiwa kuondoka jioni ile. Ukungu ukashuka, ndege ikafutwa, na shirika letu likatutumia ujumbe wa sentensi mbili. Tulipanga foleni saa nzima na nusu tukapewa ndege ya kesho yake usiku, ya kulala tujitafutie. Wenyeji walituambia uwanja ule ni kawaida kufungwa na ukungu majira haya, kwa hiyo usiwe kama sisi: acha siku moja wazi kabla ya kurudi kazini. Tulichukua hoteli ndogo tambarare, yenye joto, nusu ya hasira zikaisha pale pale.

Jioni ya siku hiyo ya ziada, kabla ya kwenda uwanjani, tulirudi kwenye meza ile ile. Niliupiga picha mnara mishale ilipokutana juu, nikamtumia mama Tanga. Simu yangu ilisema 16:19. Kwake ilikuwa saa mbili mbele, na katikati ya Novemba jua la Tanga na la Sarajevo huzama karibu kwa dakika ile ile.

Akajibu kwa sauti, nyuma yake naisikia adhana ya msikiti wa mtaani kwetu: "Na huku ndiyo kwanza wanaadhini. Mmeshatia udhu?"

Kuhusu saa hakuuliza kitu.