Vernia ya dijitali ya shilingi 2,800: kutoka kisiagi cha Njoro hadi risasi za shemeji

Vernia hii, kifaa cha kupimia unene, upana na kina, niliinunua katika duka la vifaa hapa Nakuru mwanzoni mwa 2022. Ni ya chuma, ya milimita 150, inasoma hadi sehemu ya mia ya milimita, na ina kitufe cha kugeuza milimita ziwe inchi. Nimeitumia karibu kila siku kwenye leithi, mashine ya kuchongea chuma. Mwaka wa 2023 nilisafiri nayo hadi Montana, Marekani, nilipomtembelea ndugu ya mke wangu, na huko ikafanya kazi ambayo sikuwahi kuifikiria: kutafuta kina kinachofaa cha kuketisha kichwa cha risasi ndani ya ganda lake.

Kwanza niseme ilivyo hapa nyumbani. Siku ya kwanza niliipima kwa beringi mpya ya 6204, kwa sababu beringi hiyo inajulikana: tundu milimita 20, nje 47, upana 14, na viwanda huzitengeneza kwa usahihi unaoshinda vernia yoyote ya bei hii. Ilisoma 47.00, mara nyingine 46.99. Nikaridhika. Hadi leo nina beringi moja ya namna hiyo kwenye droo, na kila Jumatatu naifuta vernia taya zake na kuijaribu kwa beringi hiyo kabla sijaanza kazi. Ukinunua vernia bila kuijaribu hivyo, unaamini namba usizozijua zimetoka wapi.

Kilichonitesa ni betri. Niliweka zile za bei ya chini za LR44, na baada ya wiki chache namba zikaanza kupepesa. Vernia nyingi za namna hii hunyonya umeme hata zikiwa zimezimwa. Niliponunua SR44, ambayo volti yake haishuki polepole kama ya LR44, tabu iliisha kwa miezi mingi. Ule mkia wa kupimia kina nao una kasoro: kitako chake ni chembamba, ukiinama kidogo tu kipimo kinadanganya. Naupima mara tatu na kuchukua namba ndogo zaidi.

Sasa kisiagi. Mteja kutoka Njoro aliniletea shafti na hauzingi (nyumba ya beringi) ya kisiagi chake, beringi zake 6205. Nilipima kina cha kiti cha beringi kuanzia uso wa nje wa hauzingi. Uso ule ulikuwa umegongwa nyundo miaka mingi, una mabonde. Nikachonga kwa namba hiyo, na baada ya siku nne mteja akarudi, beringi inapiga kelele na imepata moto. Nilirudia kazi bila malipo, safari hii nikapima kuanzia kwenye bega, pale beringi inapogusa hasa. Mashine ikanyamaza. Jambo hilo liliniuma, na ndilo nililokwenda nalo Montana.

Shemeji ni mwindaji mwenye leseni ya huko, na sheria ya kwao inamruhusu mtu kujijazia risasi za matumizi yake mwenyewe. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka wa 1977 na risasi hazitengenezwi bila leseni, kwa hivyo hili ni simulizi la mezani kwake, si kazi ya kujaribiwa Nakuru. Bunduki yake inatumia risasi za aina ya .308 Winchester. Alikuwa amebadilisha baruti, akabadilisha aina ya vichwa, na bado kwenye yadi 100 matundu matatu yalikuwa yakiachana karibu inchi mbili.

Nilimkuta akipima urefu wa risasi nzima, kutoka kitako cha ganda hadi ncha, akihakikisha haupiti inchi 2.810 zilizoandikwa kwa .308 katika kitabu cha kujazia risasi. Nikamuuliza, "Shemeji, hiyo ncha inagusa nini ndani ya mtutu?" Akafikiri. "Haigusi kitu." Nikamwambia basi tunapima mahali pasipohusika.

Ndani ya mtutu kuna mistari iliyochongwa kwa kujizungusha, na ndiyo inayoifanya risasi izunguke. Kichwa cha risasi kinapotoka kwenye ganda huruka nafasi ndogo kabla hakijaikamata mistari hiyo. Mruko huo ndio unaobadilika unapokiketisha kichwa kwa kina zaidi au kidogo. Kinachokutana na mistari ni ile sehemu ya ubavuni ambapo kichwa kinaanza kunenepa. Ncha iko mbali mbele. Tena ncha za risasi hazilingani. Tulipima kumi za boksi moja, zenye ncha laini ya madini ya risasi: kwenye ncha zilitofautiana sehemu kumi na mbili za elfu ya inchi (0.012), kwenye unene zilitofautiana sehemu mbili tu (0.002).

Kabatini alikuwa na kifaa alichokinunua zamani na kukisahau: kipande cha alumini kinachofungwa kwa skrubu kwenye taya ya vernia, chenye tundu la kipenyo maalumu linalokaa mahali pale pa unene. Kilishika vizuri kwenye taya ya vernia yangu, nikabonyeza sifuri, tukaanza. Kwa kupata mahali pa kugusa tulitumia ganda lililotobolewa kitako na kufungwa kwenye fimbo. Kichwa kinasukumwa polepole hadi kiguse mistari, kinafungwa hapo, ganda linatolewa na kupimwa. Mkono mzito ndio adui hapa. Ukisukuma kwa nguvu kichwa kinanasa, kipimo kinazidi. Tulirudia mara tano. Nne zilikubaliana ndani ya elfu moja ya inchi, ya tano tukaitupa.

Kutoka kwenye mguso huo tulifuata njia ambayo kampuni ya Berger, watengenezaji wa vichwa vya risasi, iliipendekeza kwa wawindaji: mruko wa inchi 0.010, kisha 0.050, 0.090 na 0.130. Kwa milimita ni kama robo moja, 1.27, 2.29 na 3.30. Mimi nilidhani ni hatua kubwa mno, maana kwenye leithi tunasaka elfu moja moja. Lakini ndiyo maana yake: unatafuta kwanza mtaa, nyumba utaitafuta baadaye. Kila hatua tulipiga makundi mawili ya risasi tatu tatu, bunduki imetulia juu ya mifuko ya mchanga, tukingoja mtutu upoe.

Hapa kuna hatari, na shemeji hakukubali mzaha nayo. Kichwa kikiingia ndani zaidi nafasi ya baruti inapungua na shinikizo linapanda. Kikiachwa kiguse mistari, shinikizo nalo linapanda. Kwa hiyo alishusha baruti hadi kipimo cha kuanzia cha kitabu kabla ya kugusa kina, na kila ganda lililopigwa alilikagua kitako kuona kama shinikizo limezidi. Risasi pia ni lazima iingie kwenye magazini, na shingo ya ganda ibaki imekishika kichwa vya kutosha. Mtutu wenye koo refu, yaani ambao mistari yake inaanzia mbali, unaweza kukunyima mruko mdogo kwa sababu hiyo tu.

Kwenye 0.010 makundi yalikuwa inchi 1.7 na 1.9. Kwenye 0.050 yakawa 1.4 na 1.2. Kwenye 0.090 nilienda mwenyewe kwenye karatasi nikaona matundu mawili yanagusana na la tatu liko kando yake: inchi 0.8, na kundi la pili 0.9. Kwenye 0.130 yakafunguka tena. Tulirudi siku iliyofuata tukajaza za 0.080, 0.090 na 0.100, na zote tatu zikakaa chini ya inchi moja. Shemeji alichagua 0.090 kwa sababu pande zote mbili zilikuwa nzuri. Mistari ikilika kidogo kwa matumizi, bado atakuwa ndani ya eneo lile. Aina ya baruti, ganda na vichwa vilikuwa vile vile vilivyokuwa vikimtawanyia matundu wiki iliyotangulia.

Kwa bei yake, vernia hii ningeinunua tena. Kwa fundi wa beringi, shafti na vibao vya pampu inatosha kabisa. Anayetaka kipimo cha mikroni, yaani sehemu ya elfu ya milimita, anunue maikromita. Mimi nina moja ya milimita 25 kwa shafti za kubana. Shemeji aliniomba nimwachie nikakataa, nikamsaidia kuchagua yake huko huko, tukaijaribu kwa beringi kabla hajalipa.