Kliniki ya ngozi Upanga: uso wa dereva baada ya jua la dirishani

Mimi ni dereva wa semi, njia ya Dar kwenda Tunduma, na kazi hii nimeizeekea. Usukani wetu uko kulia, hivyo shavu la kulia ndilo linalokaa dirishani. Ukienda Mbeya alasiri, jua linakupiga mbele kulia. Ukirudi Dar asubuhi, ni kulekule. Miaka ikaenda, upande wa kulia wa uso wangu ukawa wa mzee: makunyanzi kutoka kona ya jicho hadi karibu na sikio, ngozi ngumu, madoa meusi juu ya mfupa wa shavu. Upande wa kushoto haukuwa hivyo kabisa.

Mke wangu ndiye aliyenisukuma nimwone daktari wa ngozi, kliniki moja Upanga. Naandika haya kwa sababu madereva wengi wana uso kama wangu, nao hudhani ni umri tu.

Daktari alinishika kidevu, akaugeuza uso huku na huku, kisha akauliza, "Baba, unaendesha gari?" Sikuwa nimemwambia kazi yangu. Akafungua simu akanionyesha picha iliyochapishwa mwaka 2012 katika New England Journal of Medicine, jarida la madaktari la Marekani: mzee wa miaka 69, dereva wa gari la mizigo Marekani kwa miaka 28. Yeye shavu lililoharibika ni la kushoto, maana kwao usukani uko kushoto. Akanieleza kwamba kioo cha mbele kina tabaka la plastiki katikati, linazuia sehemu kubwa ya mionzi ya jua isiyoonekana, iitwayo UVA. Kioo cha mlango kwa kawaida hakina. Mionzi hiyo haikuunguzi ukahisi, inaingia ndani na kuvunja kolajeni, yaani nyuzi zinazoishikilia ngozi. Kwa maelezo hayo peke yake nauli yangu ilikuwa imerudi.

Tiba niliyopewa ilikuwa ya namna tatu, na hazikulingana thamani.

Ya kwanza ni kuambua ngozi kwa asidi ya glaikoliki. Kikao kimoja nililipa shilingi 120,000. Nesi alinisafisha uso, akapaka vaselini kwenye kona za mdomo na pembeni mwa pua, akapaka dawa kwa brashi huku saa ya kuhesabia dakika iko mezani. Inawasha kama pilipili. Hakuondoka pembeni yangu hata mara moja, akitazama ngozi, na muda ulipofika akaizima dawa kwa maji ya bikaboneti. Siku zilizofuata ngozi ilibanduka vipande vyembamba. Walianza na asidi hafifu, wakapandisha taratibu katika vikao vilivyofuata, na hapo ndipo ninapowapa heshima kubwa: ngozi nyeusi ikiunguzwa huacha weusi mbaya kuliko ule uliokuja kuutibu. Madoa yamefifia sana, na ngozi imelainika. Makunyanzi ya kona ya jicho hayakuguswa sana na tiba hii.

Ya pili ni krimu ya tretinoini, asilimia 0.025, kiasi cha punje ya njegere, usiku tu. Zamani ilijulikana kama dawa ya chunusi; Marekani waliiidhinisha kwa ngozi iliyozeeshwa na jua mwaka 1995. Wiki za mwanzo uso ulikauka na kuwasha, nikaambiwa nipake usiku mmoja na kuruka mmoja. Inahitaji miezi, si wiki. Ila mikunjo midogo imepungua kweli, na kwa bei yake hakuna kilichonifaa zaidi. Mama mjamzito asiiguse.

Ya tatu ni krimu ya kukinga jua, na hapa nina lawama. Ya kwanza waliyoniuzia iliniacha na uso wa kijivu. Nikarudi, nikapewa yenye rangi, iliyochanganywa oksidi ya chuma. Rangi hiyo si urembo: inazuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao kwa watu weusi huchochea madoa. Wangenipa hiyo tangu mwanzo. Rangi inayofanana na ngozi yangu ilikuwa moja tu kabatini. Kliniki inayotibu Waafrika iwe nazo nyingi. Sasa naipaka kila baada ya saa mbili nikiwa barabarani, na shati la mikono mirefu sivui.

Kwenye foleni ya mizani ya Vigwaza wenzangu waliniuliza kama najichubua. Niliwajibu kwa kirefu, kwa sababu jambo hili linaniuma: mkorogo wenye zebaki unaharibu figo, na ngozi iliyochubuliwa inabaki wazi mbele ya jua. Mimi rangi yangu ni ileile.

Kabla ya kufika Upanga nilipita saluni moja mjini, wakanipigia debe "mwanga wa kufuta madoa" na sindano za botoksi, za kulegeza misuli ya uso ili makunyanzi yapungue. Aliyetaka kunichoma hakuwa daktari. Nilipouliza mashine yao ni leza ya aina gani, hakuna aliyejibu. Ngozi yetu inameza joto la mwanga kwa haraka. Kuna leza zinazoifaa, kama Nd:YAG ya nanomita 1064, na kuna mashine za kutuunguza. Niliondoka, na ningemwambia yeyote aondoke.

Kliniki ya Upanga naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imekwenda na ile krimu ya kijivu, na saa nilizokaa benchi wakati nina miadi. Ukiwa dereva, weka kikao cha kuambua ngozi mwanzoni mwa likizo. Mwambie daktari ratiba yako ya safari kabla hajakupaka chochote, maana wiki ya kwanza ngozi ni changa na dirisha la lori haliifai kabisa.