Kununua spika na amplifaya Mtwara na Lindi: bonyeza sponji kwanza

Machi 2024 nilitoa shilingi 380,000 kwa muuzaji mmoja hapa Mtwara mjini, nikachukua spika mbili kubwa za mtumba zenye wufa (spika ya besi) za inchi 10. Dukani ziliimba vizuri. Nikazipakia kwenye bajaji mpaka Shangani, nikazifunga kwenye amplifaya yangu, na kwa siku tatu nilikuwa na ile raha ambayo wenzangu wa muziki wa nyumbani mnaijua: unatoa spika za zamani, unaweka hizi, unarudia kipande kilekile mara sita ili usikie kilichoongezeka. Siku ya nne besi ikaanza kukwaruza. Nilivua kitambaa cha mbele, nikapitisha kidole kwenye mzingo laini unaoishika koni, ule uso unaotetemeka, kwenye fremu. Kidole kilitoka cheusi, kinanuka dawa ya viatu. Chini ya ile dawa sponji ilikuwa imeoza kabisa, inamomonyoka kama majivu ya sigara.

Nilipoisimulia habari hiyo, kaka mmoja wa Lindi mjini aliniambia yamemkuta hayohayo, kisha dada mmoja wa Kilwa Masoko, kisha mzee mmoja wa Mikindani aliyenunua kwa ajili ya harusi ya mwanawe na spika zikamfia usiku wa mkesha. Ndiyo maana nimekaa kuandika mwongozo huu. Habari za wati, bluetooth, USB na rimoti sitazigusa. Zimeandikwa kwenye boksi na kila muuzaji atakueleza bila kuulizwa. Mimi nataka tuongee sponji.

Sponji ni nini na kwa nini inakufa hapa kwetu

Koni ya wufa inatakiwa icheze mbele na nyuma kwa uhuru, lakini isiyumbe kushoto wala kulia. Kazi hiyo inafanywa na mzingo wa nje. Kuna spika zenye mzingo wa raba, kuna za kitambaa kilichopakwa dawa, na kuna za sponji ya poliyurethani. Sponji ni nyepesi na inatoa besi tamu, hivyo viwanda viliipenda sana miaka ya 1970 na 1980. JBL na Bose nyingi za miaka hiyo zina sponji. Tatizo ni kwamba poliyurethani inaliwa na unyevu wa hewani polepole, na joto huongeza kasi. Mafundi wengi huipa miaka 10 hadi 20. Sasa chukua spika iliyotoka kiwandani mwaka 1988, iliyokaa sebuleni kwa mtu Ulaya, ikalala kwenye kontena, halafu ikaletwa mahali ambapo kusi ikivuma unaonja chumvi mdomoni. Umri wa sponji yake ulishakwisha kabla haijapanda meli.

Ikichanika, koni inapoteza mhimili, koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, inaanza kujisugua ndani ya sumaku, na usipowahi koili yenyewe inaungua. Hapo wufa imekwisha.

Kwa hiyo ukifika dukani, kabla hujauliza bei, omba kitambaa cha mbele kivuliwe. Washa tochi ya simu. Bonyeza mzingo kwa ncha ya kidole, taratibu. Raba nzima inarudi palepale. Sponji mbovu inaacha alama, au inanata, au inakuachia chembe. Ukiona weusi unaong'aa kupita kiasi, sugua kwa kitambaa cheupe na ukinuse. Kisha weka vidole vinne kuzunguka katikati ya koni, isukume ndani kidogo kwa usawa na utege sikio: kukiwa na mkwaruzo, koili imeshahama. Muuzaji akikataa kuvua kitambaa, ondoka, hata kama spika zinaimba kama malaika. Kwenye spika nyingi kitambaa kinatoka kwa kuvutwa tu, hakuna sababu ya kweli ya kukataa.

Namba moja: amplifaya ya Yamaha na spika zenye raba

Nasema wazi, mimi ni mtu wa Yamaha. Baba yangu alikuwa na moja, na nimezitumia mwenyewe tangu nianze kujitegemea. Ni kampuni ambayo mizizi yake ni ala za muziki: mwaka 1887 Torakusu Yamaha alikarabati kinanda cha shule huko Hamamatsu, Japani, na mpaka leo nembo yao ni vile vyuma vitatu vyenye umbo la uma ambavyo wanamuziki hupatia sauti ya ala. Nikiweka taarabu ya zamani, kanuni, kile chombo cha nyuzi, inabaki kanuni na fidla haigeuki filimbi.

Ukipata amplifaya yao ya A-S301 chukua. Ni wati 60 kila upande, ina mlango wa santuri na mlango wa optiko kwa ajili ya televisheni. Ila kinachonifanya niitangulize ni kitufe cha Loudness cha kuzungusha, ambacho kipo kwenye Yamaha nyingi. Masikio yetu hayasikii besi vizuri muziki unapokuwa chini; watafiti Fletcher na Munson walilipima jambo hili Marekani mwaka 1933. Amplifaya nyingine zina swichi ya kuwasha au kuzima tu. Kwenye Yamaha unazungusha kidogokidogo mpaka besi irudi kwa kiasi unachotaka, na saa nne usiku unasikiliza ngoma yote kamili huku jirani amelala. Sisi tunaoishi nyumba za kugusana kuta, hicho ni kitu kikubwa.

Spika za kuifungia: za mezani, wufa ya inchi 5 hadi 6 na nusu, raba, chapa yoyote inayopita mtihani wa kidole. Ukikutana na Yamaha NS-10M za mtumba, zile za koni nyeupe zilizotengenezwa kuanzia 1978 hadi 2001, usizipite. Mzingo wake si sponji, ndiyo maana mpaka leo zinakutwa zikiwa na koni zake za kiwandani. Besi ya chini kabisa hazina, kwa sababu ni boksi lililofungwa na wufa ndogo. Lakini sauti ya mwimbaji inakuja mbele mpaka unasikia anavuta pumzi.

Namba mbili: amplifaya za mtumba kutoka Japani

Nzuri mno, na kwa ubora wake bei bado ni ya kawaida. Geuza mgongo wake usome kibandiko. Kikisema AC 100V, hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani, na umeme wetu ni 230V. Wauzaji wanakupa adapta ya kugeuza pini bapa kuwa pini tatu na kukuambia umemaliza. Hujamaliza. Adapta inabadilisha umbo la pini, umeme unabaki uleule. Ukichomeka, fyuzi isipowahi kukata, transfoma ya ndani inaungua na nyumba nzima inanuka vanishi. Nunua transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo kama mara mbili ya wati zilizoandikwa kwenye kibandiko, na gharama yake uitoe kwenye bei unayopatana dukani.

Namba tatu: spika kubwa za sponji, kwa anayependa kufungua vitu

Spika zangu za dawa ya viatu sikuzitupa. Niliagiza mizingo ya raba kutoka Dar. Ikawa ndiyo Mei ile ya kimbunga Hidaya, barabara ikakatika Somanga, na kifurushi changu kikasubiri pamoja na mizigo ya watu wengine. Kilipofika nilikwangua gundi ya zamani kwa spiriti na kisu butu, kazi ya jioni mbili, maana koni ya karatasi haitaki haraka. Vipimo vya kuchukua ni viwili: kipenyo cha koni pale gundi inapoanzia na kipenyo cha fremu kwa ndani. Ukikosea kimoja kwa milimita tano umenunua takataka.

Kazi yenyewe ngumu ni kuiweka koni katikati. Nilipaka gundi, nikacheza mlio wa besi nzito, 30Hz, kutoka kwenye simu, sauti ndogo sana, nikawa naisogeza koni kwa vidole huku inatetemeka mpaka mkwaruzo ukatoweka. Nikaishikilia hivyo gundi ikishika. Mdogo wangu alikuwa ananishikia tochi, na mlio ule uliponyooka sote wawili tuliacha kupumua. Raba ni nzito kidogo kuliko sponji, kwa hiyo besi imekuwa kavu zaidi kuliko ya kiwandani. Mimi naipenda hivyo.

Mizingo na gundi vilinigharimu 68,000. Basi ukiona sponji imekwenda, usinunue mpaka muuzaji ashuke kwa kiasi hicho na zaidi. Wengi hawashuki. Na hapa niseme la moyoni: Agosti niliulizia amplifaya moja dukani nikaambiwa 250,000. Nikarudi Novemba, minada ya korosho imepamba moto, kitu kilekile, vumbi lilelile juu yake, 400,000. Nilipouliza kilichoongezeka nikajibiwa, "Dada, watu wana hela sasa hivi." Mkulima amehangaika na palizi, dawa na mikorosho yake mwaka mzima, na anayemsubiri mjini ni mtu mwenye dawa ya viatu. Risiti ukiomba unaonekana mkorofi. Mali iliyofichwa ubovu makusudi inatakiwa irudishwe na hela irudi, na sitaacha kulisema hilo.

Namba nne: amplifaya ndogo za Kichina na masabufa

Amplifaya ndogo za chipu ya TPA3116 zinafaa chumba kimoja, mradi adapta yake ya umeme isiwe dhaifu. Masabufa yaliyoandikwa maelfu ya wati: soma kibandiko cha nyuma uone yanakula wati ngapi kutoka ukutani, utajua ukweli.

Ukishafika nyumbani

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha amplifaya, spika na waya usiku mmoja, hutajua kipi kimefanya nini. Na kabla hujahukumu, linganisha ukubwa wa sauti, hata kwa programu ya bure ya kupimia kwenye simu, kwa sababu kinachoimba juu kidogo kila mara kitaonekana bora. Spika zisogeze kutoka ukutani kwa hatua ya futi moja, sikiliza, sogeza tena. Sebule zetu za vigae na bati zinarusha sauti; mkeka mnene sakafuni na pazia zito nyuma ya kochi vilinisaidia kuliko waya wowote niliowahi kununua. Vichwa vya waya vikague kila baada ya miezi michache. Chumvi inavifanya kijani, navyo vinahitaji kusafishwa.

Kipimo changu ni ngoma nilizorekodi mwenyewe kwenye harusi ya binamu yangu Newala. Nilikuwepo, najua ngozi ile ilivyolia, najua wanawake walisimama upande wa kushoto wakipiga vigelegele. Kwenye sabufa ya jirani ni kishindo kimoja kisicho na umbo. Kwenye NS-10M nasikia kiganja na kidole kikigusa ngozi, kila kimoja peke yake. Juzi nimezifunga zile kubwa za raba mpya kwenye Yamaha, nikapandisha Loudness robo, na kwa mara ya kwanza nikasikia kwamba wapigaji walikuwa watatu. Miaka yote nilidhani ni wawili. Jumamosi nazirudisha NS-10M nione kama na zenyewe zinamsema huyo wa tatu.