Lodiseli ya S au singo pointi? Nimeziweka zote mezani

Oya mafundi wangu, karibuni tena, leo sina sura ya kucheka maana kuna kitu kimenichefua. Hii hapa, lodiseli, kile kifaa cha ndani ya mizani kinachohisi uzito, hii ni ya umbo la S, inabeba mpaka kilo 100.

Kuna wauzaji wanawaambia watu wakaiweke hii chini ya meza ya mizani. Aisee! Hii kazi yake kuning'inia. Angalieni, nimeitundika, nimefunga jiwe la kilo 20, indiketa, yaani kile kioo cha namba, inasoma 20.00, safi. Sasa naisimamisha mezani, juu naweka bati, jiwe katikati, 20 ileile. Subiri sasa. Nasogeza jiwe pembeni... mnaona? Namba imeondoka! Kona hii inapunguza, kona ile inaongeza, ngoja nisogeze kamera, hapo, na jiwe ni lilelile jamani. Yenyewe inataka nguvu ipite mstari mmoja ulionyooka, ukiibana upande inakudanganya mchana kweupe.

Haya, hii ya alumini, singo pointi, yaani moja tu inabeba meza nzima. Bati hilohilo, jiwe hilohilo. Katikati 20. Kona ya kwanza 20, ya pili 20, ya tatu... haitikisiki! Nyie! Kiwandani wanaipiga tupa kidogo kidogo mpaka kona zote zikubaliane, ndo maana naipenda hivi. Ila usizidishe ukubwa wa meza ulioandikwa kwenye karatasi yake, ukizidisha usinitafute.

Kuna chaneli nyingine, jina silisemi, wanasema zote sawa tu bora kilo zitoshe. Haya bwana.

Ila na hii singo pointi msiibebe kila mahali, kiwanda cha samaki kule Mwanza wanapiga maji ya presha kila siku, alumini ya nini, chukua stenlesi iliyochomelewa pande zote, IP68, yaani hata ikizama maji hayaingii, bei inauma na sitaitaja kwa sababu dola ikicheza kesho mtanitukana kwenye komenti. Mizani ya sakafuni ya tani 3, weka shia bimu nne kwenye kona, hizo ni lodiseli za umbo la mhimili. Mizani ya malori, chukua lodiseli zile nene za kukandamizwa.

Halafu ukichagua lodiseli ya kilo ngapi, kumbuka chombo nacho kina uzito! Hopa, lile pipa la kumwagia nafaka, tupu kilo 200, inabeba 1,000, imening'inia kwenye S tatu, hapo ni 400 kila moja, mimi naweka za 750 maana mahindi yakishuka kwa kishindo ni balaa, lakini usikimbilie za tani 5, utabaki na kisignali kidogo indiketa inahangaika kukisoma.

Aliyeuliza akate kebo ya nyaya nne kwa sababu ni ndefu, usikate, ilipimwa kiwandani na urefu huohuo, ikunje uifunge vizuri. Ya nyaya sita ndo unaweza kukata, indiketa inajirekebisha. Video ya boksi la kuunganishia lodiseli nne pamoja inakuja Jumamosi, kama hujasabskraibu unasubiri nini, na mniandikie hapo chini mnatumia indiketa gani.