Magadi kwa siku moja: toka alfajiri, beba maji

Yale magadi yanayolainisha maharage na githeri yana ziwa lake na mji wake, kilomita 110 hivi kusini-magharibi mwa Nairobi. Ni safari nzuri kweli, mradi ufike mapema. Mji uko mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, na saa sita mchana joto hupita nyuzi 35. Kivuli ni cha kutafuta.

Toka saa kumi na moja alfajiri kupitia Ongata Rongai, Kiserian na Kona Baridi. Jaza tangi Kiserian. Kuanzia Kona Baridi barabara inateremka Bonde la Ufa, kwa hiyo tumia gia ndogo. Breki zikishika moto hazishiki tena. Gari dogo linafika mjini kwa lami, ingawa kuna vipande vya mashimo. Mjini kuna kizuizi cha kuandikisha gari na watu. Uchimbaji wa magadi umekuwepo tangu kampuni ya soda (ndiyo magadi yenyewe, si kinywaji) ilipoundwa 1911, na kila kitu hapa, kuanzia nyumba za wafanyakazi hadi reli ya kwenda Konza, kiliwekwa kwa ajili yake.

Usiishie kiwandani. Nenda chemchemi za moto, kusini mwa ziwa, kwa gari lililoinuka. Njia ni ya udongo na mawe makali, basi hakikisha tairi la akiba lina upepo. Chukua kijana wa Kimaasai wa kuwaongoza, na mpatane bei kabla hajapanda gari. Anajua ardhi ngumu iko wapi. Gamba la magadi, jeupe lenye madoa ya waridi, linaonekana imara kama sakafu, kumbe chini yake ni tope. Gari likizama humo, kulitoa ni kazi ya nusu siku. Mvua ikinyesha, ahirisha.

Chemchemi hizo ndizo zinazolisha mgodi: maji hutoka ardhini yakiwa na soda, jua likayakausha, magadi yakabaki. Penye chanzo maji yanaweza kuzidi nyuzi 80, yaani yanaunguza, kwa hiyo oga chini zaidi yalikopoa, na uyapime kwa mkono kwanza. Chuchumaa ukingoni utaona samaki wadogo wa jamii ya tilapia wakila mwani kwenye mawe, ndani ya maji ambayo samaki wengine wasingestahimili. Dakika 15 zinatosha. Soda inawasha macho na vidonda, kwa hiyo beba jerikeni ya lita 10 ya kujisuuza, mbali na lita 4 au 5 za kunywa kwa kila mtu.

Wakati wa kurudi, pita Olorgesailie uone mashoka ya mawe ya watu wa kale, mengi yakiwa yameachwa palepale yalipofukuliwa. Pana banda za kulala na uwanja wa hema. Kwa wenye watoto, kulala hapo ni bora kuliko kulazimisha yote siku moja. Kagua maji ya rejeta kabla ya kupanda Kona Baridi. Na kesho yake osha gari hadi uvunguni, kwa maana vumbi la magadi linakula chuma.