Mama fundi wa barazani Moshi aliyetushonea sare za sendofu ya Rumeti

Kama una shughuli Moshi na unatafuta fundi wa kushona sare za watu wengi, nakuelekeza kwa mama mmoja anayekaa barazani, mitaa ya karibu na soko kuu. Hana kibao wala ukurasa wa Instagram. Ukitoka stendi kuu unatembea kwa mguu tu, utakuta mafundi wamepanga cherehani zao za kukanyaga mbele ya maduka ya vitambaa. Yeye ni yule mwenye cherehani nyeusi ambayo maandishi yake ya dhahabu yamefutika karibu yote, na futi ya njano haimtoki shingoni. Jina lake siliandiki kwa sababu sikumwomba ruhusa. Ulizia fundi wa kike anayekataa vipimo vya kutajiwa kwenye simu, watakuonyesha.

Amenishonea mara mbili, na kati ya mara ya kwanza na ya pili imepita miaka minane.

Mwaka 2015 nilifika Moshi kutoka Songea kusoma Chuo Kikuu cha Ushirika. Sikuwa na ndugu wala jamaa mji ule. Nikapata chumba cha kupanga Majengo, nikakuta kuna msichana wa Rombo ameshatandika godoro lake upande wa dirishani. Aliponiona nimesimama mlangoni na begi, akalivuta godoro lake mpaka ukutani, akaniambia nilale mimi dirishani kwa sababu nimetoka mbali. Tangu siku hiyo namwita Rumeti, yaani mwenzangu wa chumba, na yeye ananiita Rumeti, hata mbele ya mama yake. Tulikuwa na jiko moja la mafuta ya taa na sufuria mbili. Bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, likichelewa, mama yake anatupakilia mkungu wa ndizi mshare kwenye gari la Tarakea, tunakula ndizi asubuhi na jioni mpaka hela ziingie. Nilipolazwa na malaria kabla ya mitihani ya mwaka wa kwanza, alikuja wodini kila jioni na daftari lake, akawa ananisomea huku mimi nimefumba macho. Somo lile nilifaulu.

Mwaka wa pili tukaanza presentesheni, na mwalimu anataka sketi nyeusi. Hela ya sketi mbili hatukuwa nayo. Tukaenda Kiboriloni kwenye mitumba, tukachangishana, tukanunua moja nzuri ya kitambaa kizito. Tatizo likawa kiuno: Rumeti alikuwa amenizidi upana wa vidole vitatu. Tukaipeleka mjini kwa fundi wa kwanza tuliyemwona hana foleni, ndiye huyu mama. Akatupima wote wawili, akauliza kama tunawasilisha siku moja. Tukamwambia hapana, mimi Jumanne, mwenzangu Alhamisi. Hakukata kitu. Akashona vifungo viwili kiunoni, kimoja changu na kimoja cha Rumeti, vikiwa vimeachana vidole vitatu. Akatutoza shilingi 1,000, akasema, “Mnunue na sabuni, muwe mnaifua Jumatano.” Tulikuwa tunaifua Jumatano kweli, mpaka tunamaliza chuo 2018.

Mwaka 2024 Rumeti akanipigia usiku. Posa imepokelewa, mahari imekwenda, sendofu, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, ni Desemba Moshi, harusi inafuata Mwanza kwa kina bwana harusi. Tukafungua grupu la marafiki wa chuo, tukawa saba, kila mmoja na mkoa wake. Tukakubaliana mambo mawili. La kwanza, zawadi iwe jiko la gesi la plati nne. La pili, sare yetu iwe na gauni la nane, la Rumeti mwenyewe, avae akitoka kubadilisha nguo, ili akiingia ukumbini mara ya pili aingie kama mmoja wetu.

Hapo kwenye fundi ndipo tulipovutana. Kabla ya hapo tulikuwa tumeshona sare za mwenzetu mwingine kwa fundi wa mji mwingine, mwenye duka zuri na picha nzuri, akapokea hela yote mapema. Magauni yakafika jioni ya shughuli yenyewe, mikono haipiti, zipu mbili zimekatika. Mmoja wetu alikaa ukumbini na mtandio begani saa nne nzima, hakucheza hata wimbo mmoja. Sikutaka yatokee tena, tena kwa Rumeti. Nikawaambia wenzangu niachieni mimi, naenda Moshi.

Katikati ya Novemba nikachukua ruhusa kazini Dodoma, nikapanda basi la kupitia Kondoa na Babati mpaka Arusha, nikaunganisha Moshi usiku. Asubuhi na mapema, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, bado iko wazi, wingu halijapanda, nikamkuta mama anafuta cherehani mafuta kwa kitambaa. Amenenepa kidogo na amevaa miwani. Nikamsalimia, shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, lakini niliona hanikumbuki. Nikatoa ile sketi kwenye mkoba. Ilikuwa imekaa kwangu tangu 2018. Akaipokea, akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba kwenye mkanda wa kiuno mpaka penye vifungo, akasimama hapo.

“Hii kazi yangu,” akasema. “Siku hiyo niliishiwa uzi mweusi, nikatia wa kahawia. Tazama.”

Nikatazama. Miaka yote ile niliyoivaa sikuwahi kuona kwamba vifungo vyetu vimeshikiliwa na uzi wa kahawia. Akaniuliza, “Mwenzako yuko wapi?” Nikamwambia anaolewa. Akavuta kiti cha plastiki, nikae.

Sasa niseme kazi yenyewe, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike. Tulienda naye dukani kuchagua kitenge. Mimi nilikuwa nimeshapenda kimoja chenye ndege, kila ndege mkubwa kama kiganja. Akakikataa. Akanieleza kwamba ndege lazima wote waangalie juu, kwa hiyo huwezi kugeuza kitambaa wakati wa kukata, na kitaliwa kingi bure. Akanionyesha cha duara za kijani na chungwa, ambacho ukikigeuza vyovyote kinabaki vilevile. Kabla ya kulipa akachomoa uzi mmoja pembeni mwa kitambaa, akauwasha kwa kiberiti. Ukaungua ukawa majivu laini, unanuka kama karatasi. Akasema ungekuwa wa nailoni ungeyeyuka ukawa kidonge kigumu, na sisi tungetoka jasho usiku mzima.

Muuza duka akatupigia hesabu ya pisi nane za yadi 6, watu nane. Mama akasema sita zinatosha. Kila gauni linakula yadi nne na nusu, pisi sita ni yadi 36, na nane mara nne na nusu ni 36 hiyohiyo. Kila pisi ikitoa gauni moja inabaki yadi moja na nusu, na mabaki matatu yakiunganishwa yanatoa gauni lingine. Kwa hiyo magauni sita yangekatwa kwenye kitambaa kizima, na mawili yangeshonwa kwa vipande, sketi ya paneli. Pisi moja ilikuwa shilingi 35,000, maana yake alituokolea 70,000 ambazo yeye hazimhusu kwa lolote. Akaniuliza mawili hayo ya vipande niyape nani, maana wengine hawapendi. Nikamwambia langu na la Rumeti.

Nimeliangalia sana gauni la Rumeti kabla halijavaliwa. Duara zilizokatwa kwenye vipande vitatu tofauti amezikutanisha kwenye mshono mpaka inabidi usogeze macho karibu ndiyo uone zimeungana wapi. Nusu ya duara imetoka kwenye kitambaa cha mwenzetu wa Mbeya, nusu nyingine ya Tanga. Ndani ametia bitana sehemu ya juu yote, na ncha za vitambaa zote zimepigwa ovaloki, hakuna uzi unaoning’inia.

Vipimo, kama nilivyosema, havipokei kwa simu. Alitaka kila aliye mbali atume nguo moja inayomkaa vizuri. Zikaja kwa basi kutoka Dar es Salaam, Tanga, Mwanza na Mbeya, akaandika jina la kila mtu kwenye karatasi na kuibana kwa pini. Mimi alinipima hapohapo. Rumeti alishuka mwenyewe kutoka Rombo wiki iliyofuata, na mama aliponipigia kuniambia, nilisikia Rumeti anacheka nyuma yake.

Bei ya 2024: ushonaji shilingi 30,000 kwa gauni, bitana na zipu humohumo. Nusu unatanguliza, nusu unamalizia ukishavaa na kuridhika. Haikuwa bei ya chini kabisa barazani pale, walikuwapo waliokuwa wanashona kwa 20,000, ila sijaona mshono wao.

Na yasiyonifurahisha niyaseme. Akiwa anakata hapokei simu, anaweza kukaa mpaka saa kumi jioni hajakujibu, na wewe uko Dodoma unapandwa na presha. Pa kujaribia nguo ni stoo ya duka la nyuma yake, nyuma ya pazia, na balbu yake hafifu, kwa hiyo toka nje ujitazame kwenye mwanga. Magauni saba yalikuwa tayari siku tuliyopatana, la nane likachelewa siku moja. Na mwenzetu wa Mwanza, ambaye alituma nguo aliyoshona kabla hajajifungua, mikono ilimbana. Alifika Moshi asubuhi ya sendofu yenyewe, akaenda barazani karibu kulia. Mama akaacha kazi aliyokuwa nayo, akafungua mishono yote miwili, akaongeza kipande kwapani, akamrudishia kabla chai haijapoa. Hakutaka hela.

Jambo lingine kubwa ni Desemba. Ndiyo mwezi Wachagga wanarudi nyumbani kutoka kila kona ya nchi, na kipaimara, sendofu, harusi zote zinarundikana hapo. Mafundi wazuri wanaacha kupokea kazi mapema. Mimi nilipokelewa katikati ya Novemba na naamini ni ile sketi iliyonisaidia, kwa sababu nilimwona akimrudisha mtu mwingine saa hiyohiyo. Wewe nenda Oktoba.

Usiku wa sendofu. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa, ameingizwa kwa nyimbo, amesimama kwenye sinia na majani mdomoni, Rumeti amekata na kuwalisha wazazi, kisha akatolewa kwenda kubadilisha. Emsii akaita marafiki wa chuo. Tukaingia kwa mstari, tunacheza taratibu, wanane, duara za kijani na chungwa ukumbi mzima. Tulimweka Rumeti wa nne. Bila shela, bila shada, kitenge tu na hereni zake za zamani. Emsii akatutangaza vizuri, akasema sasa tumsubiri bibi harusi wetu mtarajiwa aje apokee zawadi, akageukia mlango. Watu wote wakageukia mlango. Tukaendelea kucheza. Ilichukua muda mpaka mama yake Rumeti alipopiga kigelegele kutoka meza ya mbele na kunyoosha mkono, na hapo ukumbi ukasimama.

Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye mstari. Niliona mgongo wake unatikisika, sikujua anacheka au analia, nikamshika kiuno kama tulivyokuwa tunashikana kwenye foleni ya maji Majengo, tukasogea mbele hivyohivyo. Baadaye, kabla hatujaachana, nikamkabidhi ile sketi kwenye mfuko wa karatasi. Nimekaa nayo muda mrefu, ilikuwa zamu yake.

Nilipokwenda kumalizia deni lile nusu la pili, niliona kwenye karatasi ya mama kwamba gauni la Rumeti tu ameandika “ubavuni acha vidole vitatu”. Magauni yetu saba yana kidole kimoja cha ziada ndani ya mshono. Nikamuuliza kwa nini. Akasema bila kuinua macho kwenye kitambaa, “Huyu si anaolewa? Mwakani atarudi kufungua.”

Wiki iliyopita Rumeti ameniandikia kutoka Mwanza. Anakuja kumwona mama yake Rombo mwisho wa mwezi, atapita Moshi, na gauni amelibeba. Nimeshaomba ruhusa kazini.